"Mbona alizaliwa mzima?" Niliyojifunza katika kuwaeleza watu selimundu

Ukipewa kazi ya kuwaeleza wazazi selimundu, swali la kwanza kukufikia halitakuwa la vinasaba. Litakuwa hili: "Mbona alizaliwa mzima?" Mama anakumbuka kila kitu. Mtoto alilia alipozaliwa, akanyonya, akanenepa, akapigwa picha. Alipokaribia kukaa, viganja na nyayo vikavimba, akawa analia kila akiguswa. Na katika wiki hizo hizo kuna mgeni aliyemsifia sana, kuna wifi aliyekuja kumbeba, kuna ugomvi wa shamba uliokuwa haujaisha. Mama ana ushahidi wake, tena umepangika vizuri. Wewe unamletea mchoro wa kromosomu.

Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Kwa miaka kadhaa, nje ya zamu, nimekuwa katika kikundi kidogo cha wauguzi, walimu na wazazi kinachokwenda kliniki, shuleni, makanisani, misikitini na kwenye redio jamii kueleza ugonjwa huu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, zaidi ya elfu kumi kila mwaka, na mikoa yetu ya ziwani ina sehemu kubwa ya hao. Naandika kwa ajili ya anayeanza kazi kama hii, iwe ya selimundu au ya jambo lingine la sayansi ambalo watu wanapaswa kulielewa ili waishi vizuri. Miezi yetu mingi ya mwanzo ilipita bila faida, na hakuna sababu ya mwingine kupitia huko huko.

Tulianza na vipeperushi. Vilikuwa sahihi kabisa: selimundu ni ugonjwa wa kurithi, unatokana na badiliko la jeni, mtoto huupata kwa wazazi wote wawili. Tulisoma, tukaeleza, tukauliza, "Mmeelewa?" Ukumbi mzima ukajibu, "Ndiyo." Kisha muuguzi mmoja aliyekaa na akina mama nje, wakisubiri dawa, akaturudishia waliyokuwa wakizungumza. Walikuwa wakiulizana nani kamfanyia nani.

Toka siku hiyo hatuulizi tena kama watu wameelewa. Tunauliza, "Mama, ukifika nyumbani utamweleza vipi baba yake?" Swali hilo moja limetufundisha kuliko semina zote tulizohudhuria. Mmoja alijibu, "Nitamwambia damu zetu zimekataana." Mwingine akasema, "Nitamwambia mtoto ana upungufu wa damu, aongezewe, atapona." Wote wawili walikuwa wamesikiliza kwa makini. Waliyoyasikia yalikuwa yamekaa juu ya waliyokuja nayo, kwa sababu hakuna kilichogusa lile swali la kuzaliwa mzima.

Jibu la swali hilo lipo, na ni sayansi nzuri mno. Himoglobini ni protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, nayo ndiyo hubeba oksijeni. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya namna yake, ya kichanga. Hiyo haina kasoro hata kwa mtoto aliyerithi selimundu kwa baba na kwa mama. Anazaliwa nayo, inamlinda, na mwili unaipunguza pole pole huku ukitengeneza ya kikubwa. Kufikia kama miezi sita, ya kikubwa imeshashika nafasi, na humo ndimo lilimo kosa. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, inashikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa nyuzi ngumu, chembe inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo. Mikono na miguu inavimba. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120. Hizi huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu inapungua na macho yanaingia manjano.

Tulipoanza kueleza hivi, tukifuata umri wa mtoto badala ya kufuata kitabu, mazungumzo yalibadilika. Mama mmoja aliuliza, "Kwa hiyo alikuja nayo toka tumboni?" Nikamjibu, "Alikuja nayo, mama, lakini ile himoglobini ya kichanga ilikuwa bado inamkinga." Akamgeukia mama mkwe wake na kusema, "Basi wifi tumemwonea bure." Hakuna aliyekuwa ametaja uchawi mbele yetu siku ile, wala sisi hatukuutaja. Nashauri iwe hivyo. Ukianza kwa kupinga imani ya mtu, atatumia nguvu zake zote kuitetea, na hatabaki na nguvu ya kukusikiliza. Mpe maelezo yanayoingia kwenye tarehe alizo nazo kichwani, moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe atalinganisha.

Si wote watakaoridhika. Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza, "Na hilo kosa, mwanangu, nani kaliweka?" Ni swali zuri, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Ndilo linalofungua mlango wa kurithi. Sasa tunalisubiri liulizwe ndipo tuingie humo, maana likiulizwa na mtu wa pale pale wote wanataka kusikia jibu.

Kurithi kwenyewe watu wanakuelewa haraka kuliko unavyodhani, maana wanafuga na wanalima. Kinachosumbua ni bahati. Ukimwambia mzazi kwamba uwezekano ni mmoja kati ya nne, anahesabu watoto: mmoja amekwisha kuupata, basi watatu watakaofuata ni salama. Nimekutana na familia zilizopanga uzazi kwa hesabu hiyo, na mtoto wa pili akawa mgonjwa, na wa tatu. Huzuni yao haielezeki, hasa wakikumbuka kwamba walimuuliza mtu wa afya na akawaambia "mmoja kati ya nne" akaishia hapo.

Tunatumia vizibo vya soda. Vinne, viwili vya baba na viwili vya mama, na katika kila jozi kimoja kina alama ya kalamu upande wa ndani. Jozi ya baba inaingia kwenye kofia moja, ya mama kwenye nyingine. Mtu anachukua kimoja huku na kimoja kule bila kutazama. Vikitoka viwili vyenye alama, huyo ni mtoto mwenye selimundu. Kikitoka kimoja, ni mtoto mzima anayebeba kinasaba kama wazazi wake. Visipokuwa na alama vyote, hana kabisa. Kisha, na hapa ndipo penye somo lote, vizibo vinarudi kwenye kofia kabla ya mtoto mwingine. Mwache mzazi avirudishe kwa mkono wake mwenyewe. Hapo ndipo anapoona kwamba kila mimba inaanza upya, na kwamba mtoto aliyetangulia hakupunguza chochote.

Mwenzetu mmoja alianza na kunde na choroko, lakini vidole vinazitambua kwa ukubwa, na bahati haipo tena. Maharage mekundu na meupe nayo hayakufaa, kwa sababu watu waliona nyekundu ni hatari na wakaanza kutafuta nani mwenye nyekundu nyingi. Vizibo havitofautiani mpaka uvigeuze. Na usisimamishe zoezi pale namba zinapopendeza. Kuna siku alama mbili zilitoka kwa watoto wawili waliofuatana, kuna siku zilikataa kutoka mpaka watu wakaanza kusema ni uongo. Acheni iwe hivyo, kisha endeleeni kuchukua pamoja. Bahati inaeleweka kwa kuiona ikitenda kama inavyotenda maishani, na hayo maishani hutokea pia.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo hakuna aliyetuandaa nalo, na ndilo lililonigharimu usingizi. Upande wa mume mara nyingi husema, "Kwetu ugonjwa huu haupo." Wanasema kweli wanavyoijua: mbebaji haugui, kwa hiyo ukoo unaweza kubeba kinasaba vizazi na vizazi bila mtu kukumbuka mgonjwa. Ukieleza hivyo lawama inamwondokea mama, na hilo ni jambo kubwa. Lakini baba akienda kupima na jibu likaonyesha hana kinasaba, maelezo yale yale yanamwangukia mama kwa uzito mwingine. Nilishuhudia majibu yakisomwa mbele ya watu kwenye kituo kimoja, mume kwa mke, na ndoa ile haikufika mwisho wa mwezi. Hakuna aliyerudia kipimo. Hakuna aliyeuliza kama mtoto ana aina nyingine ya selimundu, ile ambayo mzazi mmoja hutoa kasoro tofauti ya himoglobini isiyoonekana kwenye kipimo cha haraka. Na hata kama ukweli wa nyumba ile ulikuwa mwingine, haukuwa wa kutangazwa ukumbini.

Kwa hiyo: usipeleke vifaa vya kupimia kwenye mkutano wa elimu, hata wafadhili wakitaka picha. Majibu yatolewe faraghani, kwa mtu mmoja mmoja, na mwenye taaluma ya ushauri. Zungumza na mama peke yake kabla ya kumwita baba. Redioni usitamke kamwe sentensi inayoweza kugeuzwa kuwa kipimo cha nani baba wa mtoto. Sayansi ikishatoka mdomoni mwako inaingia nyumbani kwa watu, na wewe hutakuwepo.

Kinasaba chenyewe kina historia inayotuhusu sisi wa ziwani, na nimeona ikiwaondolea watu aibu kuliko ushauri wowote. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alizunguka Kenya akipima damu za watu. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta wabebaji wengi, katika jamii nyingine zaidi ya mtu mmoja kati ya watano. Kwenye nyanda za juu zenye baridi hakuwapata hata mmoja katika mia. Akajiuliza pwani na ziwani pana nini kinachofanana, na jibu likawa mbu. Mwaka 1954 alichapisha vipimo vya watoto 290 wa Uganda: kati ya wabebaji 43, wenye vimelea vya malaria walikuwa 12, kati ya 247 wasio na kinasaba, wenye vimelea walikuwa 113. Kubeba kinasaba kimoja kunamkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo maana kimebaki kwetu kizazi baada ya kizazi: waliokuwa nacho walipona wakazaa.

Mzee mmoja msikitini, baada ya kusikia hayo, alisema, "Kumbe ndicho kilichowavusha wazee wetu." Sijapata namna bora ya kulisema. Tahadhari moja tu, nayo ni ya uhai: kinga hiyo ni ya mbebaji. Mtoto mwenye selimundu yenyewe malaria humwua upesi, na chandarua chake kisikose usiku hata mmoja. Tunasema hivyo katika pumzi ile ile tunapomtaja Allison, kwa sababu tuliwahi kusikia habari hii ikirudi kwetu imegeuka, eti watoto wa selimundu hawaugui malaria. Habari ikirudi imegeuka, usimlaumu aliyeigeuza. Tafuta mahali ulipoacha pengo.

Dawa nayo ina mtego wake. Haidroksiyurea hupunguza sana maumivu makali, na utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Kongo na Angola, matokeo yakatolewa mwishoni mwa 2018, ulionyesha kwamba watoto wa huku kwetu wanaweza kuitumia kwa usalama wakifuatiliwa damu. Lakini mzazi akisikia kwa jirani kwamba ni dawa ya saratani, na ni kweli ilianzia huko, anaificha kabatini. Tukajaribu kuwatuliza kwa maneno, haikusaidia. Kilichosaidia ni kurudi kwenye swali la mwanzo. Unakumbuka ile himoglobini ya kichanga iliyokuwa ikimlinda? Dawa hii inauamsha mwili uitengeneze tena. Akina mama waliokuwa wamelishika lile la kwanza walilipokea hili bila kusukumwa, na walielewa pia kwa nini dawa inamezwa kila siku hata mtoto akiwa anacheza.

Ndipo ikaja Desemba 2023. Marekani iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia CRISPR, teknolojia ya kuhariri vinasaba, wiki tatu hivi baada ya Uingereza, na habari ikafika kwenye simu za watu ikisema dawa imepatikana. Wiki hiyo kliniki ilijaa. Mama mmoja alikuja na mtoto amevaa nguo za Krismasi kabla ya siku yake, akaniuliza majina yanaandikishwa wapi.

Baadhi yetu walitaka tunyamaze mpaka ipite. Nilipinga, na ningepinga tena leo. Mtu aliyesikia habari nusu ana haki ya kupata nusu ya pili kwa mtu anayemwamini. Tulikaa nao tukaeleza: wanatoa kwa mgonjwa chembe zinazozaa damu kutoka kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, wanazipeleka maabara, wanazima kile kinachouzuia mwili kutengeneza himoglobini ya kichanga. Kisha mgonjwa anapewa dawa kali za kuusafisha uloto wake na kurudishiwa chembe zile. Mama yule alinikatiza: "Yaani mnamrudishia ile aliyozaliwa nayo?" Ndiyo, mama. Ndiyo yenyewe. Sidhani kama nimewahi kufurahi kazini kama dakika ile. Teknolojia iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel mwaka 2020 ilikuwa imeelezwa kwa sentensi moja na mzazi asiyewahi kuingia maabara, na alikuwa sahihi.

Swali lake lililofuata lilikuwa, "Bei gani?" Dola milioni 2.2 kule Marekani. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Nilimtajia. Alilia, nami nilitoka nje kidogo. Kisha tukaendelea, kwa sababu kulikuwa na mengine ya kusema: kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, kwamba hiyo nayo inahitaji ndugu anayelingana na mtoto na si ya kila mgonjwa, kwamba mwaka huu kinachowezekana kwake ni haidroksiyurea, penisilini kwa walio chini ya miaka mitano, asidi foliki, maji ya kutosha, nguo nzito wakati wa baridi, na kukimbia hospitali homa ikianza bila kungoja asubuhi. Ukitaja tiba kubwa bila kutaja bei, umemdanganya mzazi. Ukitaja bei bila kumwambia cha kufanya kesho, umemwacha njia panda. Yote yanakaa katika kikao kimoja, kwa hiyo kikao kiwe kirefu.

Kuhusu gharama za kazi yenyewe, jiandae. Nauli za bodaboda, vocha, maji ya kunywa kwa akina mama wanaotoka mbali, vyote vilitoka mifukoni mwetu kwa muda mrefu. Redio jamii zingine hukupa muda bure, zingine hutaka kulipwa. Ukilazimika kulipia, lipia nusu saa ya jioni, wakati watu wamerudi shamba na ziwani, usikubali saa nne asubuhi kwa sababu ni rahisi. Mtaalamu unayemwalika mkutane kabla, mzungumze naye kama msikilizaji angemuuliza, maana wengi wetu tumesoma kwa Kiingereza na maneno hutukimbia mbele ya kipaza sauti. Na acha nafasi kubwa ya simu. Wanaume, ambao kwenye mikutano yetu hukaa nyuma au hawaji, hupiga simu redioni, wengine wakinong'ona.

Shuleni ni kugumu kwa namna nyingine. Wanafunzi wa sekondari wamesoma urithi darasani na wanajua kuchora miraba yake, lakini swali lao ni: wabebaji wawili wakipendana wafanyeje? Walimu wengine hutaka tuwaambie waachane. Hatusemi hivyo. Tunawaeleza uwezekano, tunawaambia wapime mapema wakiwa bado hawajaahidiana, na kwamba uamuzi ni wao. Tunachokataa kwa nguvu ni mwanafunzi kutajwa matokeo yake mbele ya wenzake, kwa sababu kuna binti aliyeacha kuja shule akiitwa mgonjwa ilhali alikuwa mbebaji tu, mzima kama wao.

Kikundi chetu kina daftari la maswali. Kila swali linaandikwa kwa maneno ya aliyeuliza, bila kusahihishwa, pamoja na mahali lilipoulizwa, na jina la mtu haliandikwi. Mtu mpya akijiunga nasi, awe daktari au mwalimu, hapewi kipaza sauti kwanza. Mwezi wa kwanza anakaa na akina mama kwenye benchi la dawa na kuandika.